Mgeni Mwenye Adabu

Jirani wa mama alinipigia simu akiwa na adabu nyingi kupita kiasi, na hapo hapo nikajua kuna jambo baya. Alinisalimu, akaniulizia kazi, akaniulizia watoto, akaulizia mvua za Mwanga, hapa Kigoma mjini, utadhani Mwanga ni nchi nyingine, kisha akasema, "Mama hajambo kabisa. Ila kama una nafasi, dada, si lazima, ungekuja kumsalimia. Leo ikiwezekana." Mwanamke huyo nimekua naye. Tumechapwa pamoja kwa kuiba karanga za watu. Siku zote akinipigia huanza kwa kunisema kwamba nimekuwa mtu wa mjini, nimewasahau. Siku hiyo hakunisema.

Mimi kazi yangu ni kipaza sauti. Nasherehesha harusi, kipaimara na mahafali, na msibani huombwa kusoma ratiba. Nina mdomo, jambo hilo sokoni Mwanga halina ubishi, na hasira zangu ziko karibu. Lakini nikishika kipaza sauti nakuwa mtu mwingine, nainama. Nikiwa Ujiji naanza na salamu ya Kiislamu, kisha nawaongezea Wakristo ya kwao ili asiwepo anayejiona mgeni. Kwenye sherehe za ndugu zetu wenye asili ya Kongo kule ufukweni nawatupia "jambo yenu", nao wanacheka kwa sababu naitamka vibaya. Wakiwepo Waha wenzangu, napiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, magoti nayashusha, nasema "mwidiwe", halafu nasubiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Mtu akishaitikia salamu yako ameshakupa sikio, na kulichukua tena kutoka kwako anaona haya. Baada ya hapo najiita mtoto wao, hata mbele ya watu niliowazidi umri. Naomba samahani kabla sijakosa. Naomba ruhusa ya jambo ambalo nimeshaamua kulifanya.

Nilikuwa naamini hiyo ni adabu tu, ile ile niliyofundishwa na mama, nimeitia chumvi kidogo ili nipate riziki. Sikuwahi kuiogopa.

Nilichukua bodaboda. Tulipoipita Simbo, dereva akapunguza mwendo, akanigeukia nusu.

"Mama mkubwa, kule unakokwenda una ndugu?"

"Mama yangu."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

Alirudisha macho barabarani. "Kamchape wamefika kule," akasema. "Kesho ndiyo wanaanza."

Nyumbani kwetu neno hilo halihitaji kuelezwa, ila kwa asiyelijua: ni watu wanaozunguka vijijini wakidai kwamba wanafichua wachawi. Wanaingia nyumba za watu, wanatoka na kitu, pembe au kibuyu, na aliyetolewa kitu chake nje maisha yake yanaishia hapo. Wapo waliopigwa. Wapo waliochomewa nyumba, na si kila mmoja aliwahi kutoka. Serikali inakataza, lakini serikali iko mbali na kijiji kiko karibu. Na wanaotolewa vitu ni walewale siku zote: mjane, mzee, asiye na mtu wa kumsemea.

Mama yangu alikuwa yote hayo. Zaidi ya hapo alikuwa na macho mekundu, kwa sababu maisha yake yote amepika mawese, na moshi wa kuni za mawese haumwachi mtu. Hakuwa mcheshi. Na mwezi ule mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake alikuwa amekufa kwa homa. Niliyapanga mambo hayo kichwani nikiwa nyuma ya pikipiki, moja baada ya jingine, na kila moja lilinifanya nimkamate dereva kwa nguvu zaidi, mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Nilimkuta mama anafagia uwanja. Alikuwa ameshamwagia maji, ameshapanga vigoda, na kanga yake nzuri ilikuwa inakauka kwenye kamba.

"Wageni watakuja kesho," akasema. "Lazima wakute pamependeza."

"Mama, unawajua hao wageni?"

"Mkubwa wao alipita jana. Kijana ana adabu yule! Aliniamkia amechuchumaa mpaka chini, akapiga makofi kama watu wa zamani. Siku hizi nyinyi mnasalimia watu mnatembea. Nikampa maji ya kunywa."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia karibu, mwanangu, nyumba ni yako."

Kila mtu kwetu husema hivyo. Hata mtu unayemchukia akifika mlangoni unamwambia hivyo. Lakini niliposikia nilijikuta nimekaa chini, pale pale kwenye uwanja uliolowa.

Nilimwambia tuondoke, pikipiki bado ipo. Mama akaacha kufagia. Alikuwa anaogopa, niliona sasa; ule ufagio alikuwa ameushika mno. Akasema tukiondoka leo watasema amekimbia, na nyumba aliyojenga na baba itachomwa kabla jua halijazama. Akikaa, labda watapita tu. Labda yule kijana ataikumbuka ile adabu. Nilimsaidia kufagia.

Kesho yake mchana kijiji kizima kiliitwa kwenye uwanja wa gulio. Nilitarajia kuona mtu wa kutisha, mwenye ngozi za wanyama na hirizi. Nikamwona mwanamume wa makamo hivi, kijana kwa macho ya mama tu, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa, ana kipaza sauti kizuri kuliko changu. Wenzake walisimama nyuma yake, wametulia, mikono mbele. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye kiti cha plastiki, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani kuwa mahali pengine.

"Shikamooni, wazazi wangu," mtu yule akasema.

"Marahaba!"

Mimi pia niliitikia. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na nilipolisikia kinywani mwangu nywele zilinisimama.

Akashusha magoti, akapiga makofi, akawasalimu kwa Kiha, na akasubiri. Alijua kusubiri. Aliwasubiri mpaka wale wa nyuma kabisa, waliokuwa wamekuja kuchungulia tu, nao wakaitikia. Akasalimu kwa salamu ya Waislamu, akasalimu kwa ya Wakristo. Akasema yeye ni mtoto wao, hana elimu, kama atakosea neno wamrekebishe hapo hapo, asingekasirika. Watu wakacheka kwa upole. Nilikuwa nahesabu hatua zake kama fundi cherehani anavyotazama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, na kila mshono ulikuwa mahali pake. Alikuwa ananizidi. Nilitaka kukimbia.

"Nimesikia hapa kuna msiba bado mbichi," akasema. "Naomba, kwa hisani yenu, tusimame kidogo kwa ajili ya mzazi mwenzetu."

Tukasimama. Mama wa yule mtoto aliyekufa alianza kulia. Yule mtu alimwacha alie. Na watu walipokuwa wanamsikiliza, macho yakaanza kutembea, yanatafuta. Nikayaona yanakuja upande wetu, yanamgusa mama, yanaondoka, yanarudi.

"Sisi hatumtuhumu mtu," akasema tulipokaa. "Hatumjui mbaya wala mzuri, nyote ni wazazi wetu. Tunaomba ruhusa tu. Na kama yupo mmoja, hata mmoja, asiyependa tuingie kwake, anyooshe mkono. Wallahi tutamheshimu. Hatutagusa hata kizingiti chake."

Mimi maneno hayo nimeyasema mara nyingi: kama yupo asiyependa tuanze na wimbo, anyooshe mkono. Watu hucheka, sherehe inaendelea. Sasa nikaona yametengenezwa kwa ajili gani. Atakayenyoosha mkono ndiye huyo huyo anayetafutwa. Tumeombwa ruhusa, na hakuna anayeweza kuikataa. Nilikuwa nimeficha mikono chini ya kanga, nimeishika mmoja kwa mwingine, naogopa mmoja usije ukanyanyuka wenyewe.

"Hakuna?" akauliza kwa upole. "Asanteni sana, wazazi wangu. Mmetuheshimu."

Hapo nikasimama. Nikasema, "Samahani, naomba neno," na sauti ikatoka nyembamba, si ile ninayolipwa kwayo. Nikasalimu. Nikaomba radhi kwa kusema mbele ya wakubwa. Nikasema kwetu mgeni akija kijijini hufikia kwanza kwa mkubwa, ndiyo heshima, hivyo ingependeza ndugu zetu waanzie nyumbani kwa mwenyekiti, kisha kwa wazee wengine, wote washuhudie, na mjane aje mwisho kabisa. Nilikuwa nawaza kwamba wakianzia kwa mwenyekiti watachelewa, wataelewana, watachoka, jua litakwenda. Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti akajiweka sawa kwenye kiti chake cha plastiki, jasho linamtoka.

Yule mtu alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Dada yangu amesema vizuri sana," akasema. "Amenifundisha. Kweli mgeni haingii asipokaribishwa. Basi mimi nitaanzia kwa aliyenikaribisha." Akageuka. "Tangu nifike hapa, yupo mzazi mmoja tu aliyenipa maji na kuniambia nyumba ni yangu. Mama, nimesema uongo?"

Kila mtu alimtazama mama yangu. Na mama, ambaye hajawahi kumkatalia mtu neno alilomwambia, akasema, "Hujasema uongo, mwanangu."

Tulikwenda wote, kijiji kizima, kwenye uwanja aliokuwa ameufagia. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama nje pamoja nasi, ameishika kanga yangu. Hata hivyo yule mtu alisimama kizingitini na kupiga hodi.

"Hodi, mama."

Mama hakujibu.

"Hodi hapa."

Nilimsikia mama anapumua. Yule mtu akageuka kidogo, uso wake umejaa subira. Hakuwa na haraka. Angepiga hodi mpaka kesho. Alitaka kijiji kisikie kwamba hakuvunja mlango wa mtu.

"Hodi, mzazi wangu."

"Karibu," mama akasema. Ilikuwa sauti ya mtoto.

Hawakukaa sana. Walitoka na kitu kidogo kimefungwa kitambaa cheusi na nyuzi, kinanuka. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba ile, nimefagia chini ya kitanda kile, sijawahi kukiona. Yule mtu alikibeba kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka chini miguuni pa mama.

"Pole sana, mama," akasema.

Nyuma yetu mtu akalia kwa sauti. Nikasikia watu wanasogea, na nikasikia jiwe linaokotwa. Jiwe likiokotwa kwenye changarawe unalisikia. "Tafadhali, wazazi wangu," yule mtu akasema, "nawaomba asiguswe," na huku anarudi nyuma, hatua kwa hatua, anawapisha. Nafasi ikabaki kati yetu na watu. Nikajua sasa tunauawa. Sitaki kulipamba. Mkojo ulinitoka kidogo.

Nikapiga kelele. Nilitukana kwa Kiswahili na kwa Kiha, mate yananitoka, sikumheshimu mzee wala kijana. Nilimnyooshea kidole mama wa yule marehemu mwenyewe, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Wewe! Nani alikupokelea huyo mtoto alipozaliwa, mvua inanyesha, mumeo amelala amelewa? Si huyu? Sema!" Nikamgeukia mwingine, "Na wewe, ulikula mawese ya huyu mwanamke mwaka mzima mkeo alipokukimbia, yalikuwa ya uchawi? Mbona hukufa, mlafi mkubwa wewe?" Nikamwambia mwenyekiti mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikuwa ananivuta, anataka kuniziba mdomo kwa kiganja. "Yewe, adabu!" anasema. "Adabu, mwanangu, watu wanakusikia!"

Jirani yetu, yule aliyenipigia simu, akatoka kwenye kundi. Alikuja akasimama kando ya mama, mgongo kwa mlango. Sijui mpaka leo kama ni yeye au ni matusi yangu, au ni kwamba mtu aliyetukanwa usoni huwa anasita kidogo kwa aibu, lakini jiwe lile halikurushwa. Nikamwona aliyelishika analiachia polepole kando ya mguu, akitazama pengine. Yule mtu mwenye shati la pasi alikuwa ananitazama mimi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno tayari.

Nyumba haikuchomwa. Wazee walikutana, wakasema ni vyema mama apumzike kidogo kwa mwanawe. Hakuna aliyesema aondoke.

Asubuhi yake walikuja kumsindikiza, watu wengi. Walimbebea mkeka wake, dumu la mawese, masufuria na kuku wake wawili waliofungwa miguu. Aliyekuwa ameokota jiwe alibeba godoro. Walitembea naye taratibu, kwa mwendo wa mzee, mpaka barabarani, na pale wakapanga mstari kumuaga. "Utusamehe kama kuna mahali tulikukosea." "Utusalimie wajukuu." "Karibu tena, mama, hapa ni kwako." Mama aliwapigia makofi mmoja mmoja, magoti ameyashusha, akawashukuru wote. Mimi nilikuwa nimeshapanda gari na sikumuaga mtu. Niliwaogopa wakati ule kuliko walipokuwa na mawe, kwa sababu niliona kwamba kweli walikuwa wanamhurumia.

Sasa mama anaishi kwangu Mwanga, chumba cha nyuma. Kazi nimeendelea nayo, maana watoto wanasoma. Ila lile neno la anyooshe mkono siwezi kulisema tena. Likifika kooni nalimeza. Na nikiona ukumbi mzima umeitikia salamu yangu kwa sauti moja, wamenigeukia kwa uso mkunjufu, tayari kwa lolote, ninashikwa na baridi. Nawatazama na kujiuliza nikiwaambia nini watakataa.

Juzi kati nilikuwa na harusi Ujiji, nikaanza kujinoa mapema uani, nje ya chumba cha mama, jua likiwa bado juu. Nilikuwa nafua huku nasema kwa sauti ya kazini: shikamooni, wazazi wangu, mimi ni mtoto wenu, nikikosea mnirekebishe. Nikasubiri kama ninavyosubiri watu. Nikarudia mara kadhaa mpaka ikakaa vizuri. Chakula kilipoiva nikampelekea mama chake. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, na si kawaida yake.

"Hodi, mama," nikasema.

Nikahamishia sahani mkono mwingine.

"Hodi. Samahani, mama, naomba unifungulie."

Nilisikia kitu kinakwaruza sakafu. Ilinichukua muda kuelewa. Mama yangu alikuwa anasukuma kitanda kuja mlangoni.

Nilisimama na sahani, ugali unatoa moshi, na nikaogopa kama nilivyoogopa siku ile, isipokuwa safari hii aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi. Nilitaka kumwambia kwa upole kwamba ni mimi, asiogope. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Nikaupiga mlango teke.

"Wewe mama!" nikafoka. "Unanisimamisha hapa na sahani ya moto, unafikiri mimi mtumishi wako? Fungua, kabla sijampa paka!"

Kitanda kikakwaruza tena, kikirudi. Komeo likafunguka. Alisimama pale, macho mekundu, kanga imemdondoka begani, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Akachukua sahani, akaketi kwenye kitanda, akaanza kula. Baada ya matonge machache akasema bila kuniangalia, "Ukija, uwe unakuja hivyo hivyo."

Huyu ndiye aliyenifundisha kupiga hodi hata kwenye banda la kuku. Tangu siku ile naingia kwake kama polisi.